JE, MZAZI WAKO ANAKUJUA?

Wahenga walinena kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Methali hii tumeiandika kwenye insha zetu tangu shule ya msingi mpaka imechakaa kama kola ya shati la muhula wa tatu. Lakini ukiichunguza kwa makini utaona haituambii ni kitu gani hasa katika malezi kinachomfanya mtoto mmoja awe na moyo mtulivu na mwenzake awe roho juu kila siku, ilhali wote wawili wanakula ugali ule ule, wanalipiwa karo kwa taabu ile ile, na wote wana wazazi wanaowapenda. Hilo ndilo nitakalojaribu kulieleza katika makala haya. Maoni yangu nitayatoa mapema ili nisiwazungushe: mimi naona jambo kubwa ni mzazi kumjua mtoto wake. Kumpenda peke yake hakutoshi.

Kabla sijaendelea, tuelewane kuhusu afya ya akili. Hapa shuleni ukisema fulani ana shida ya akili, kila mtu anamkumbuka yule mzee anayezunguka kituo cha mabasi akiongea peke yake. Afya ya akili ni pana kuliko hivyo. Ni jinsi mtu anavyolala usiku, anavyokula, anavyoshika anachofundishwa, anavyocheka na wenzake, na anavyokasirika kisha hasira ikaisha. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba kijana 1 kati ya 7 wa umri wa miaka 10 hadi 19 ana ugonjwa wa akili unaotambulika kitabibu. Hapa kwetu Kenya kulifanywa uchunguzi wa kitaifa kwa vijana wa miaka 10 hadi 17, na ripoti yake ikatoka mwaka wa 2022. Ilionyesha kwamba takriban asilimia 44 walikuwa wamepatwa na tatizo fulani la afya ya akili katika miezi 12 iliyotangulia, na takriban asilimia 12 walikuwa na ugonjwa kamili. Darasa letu lina watu 50. Kama lingekuwa sawa na Kenya nzima, basi 22 kati yetu wangekuwa wamepatwa na tatizo, na 6 wangekuwa wagonjwa hasa. Hebu geuka nyuma uangalie madawati.

Sasa, mzazi anaingiaje hapa? Mwalimu wetu wa ushauri nasaha ndiye aliyenielekeza kwenye kisa kilichonifurahisha sana, kwa sababu wengi hudhani mambo ya saikolojia yote yalianzia Ulaya na Marekani. Mwaka wa 1954 mwanasaikolojia mmoja aitwaye Mary Ainsworth alifika Uganda pamoja na mumewe, ambaye alikuwa amepata kazi katika taasisi ya utafiti ya Makerere. Bibi huyu hakukaa bure. Alianza kuzuru vijiji vilivyo karibu na Kampala, akawa anawatembelea akina mama 26 nyumbani kwao, anakaa nao sebuleni na kuwatazama wakiwa na watoto wao wachanga. Kitabu chake kuhusu watoto hao kilichapishwa mwaka wa 1967.

Aliona kwamba watoto hawakuwa sawa. Kuna waliokuwa watulivu: walitambaa, wakachunguza vitu vya nyumbani, kisha wakamrudia mama kwa kitambo kidogo, wakaondoka tena, kama mtu anayepita nyumbani kunywa maji halafu akarudi mchezoni. Wengine walilia sana hata wakiwa mikononi mwa mama zao. Alipotafuta tofauti ya makundi hayo, mojawapo ya mambo aliyoyapata lilikuwa hili: watoto watulivu walikuwa na akina mama ambao ukiwauliza habari za mtoto wanakueleza mpaka unachoka. Walijua mambo madogo madogo ya mtoto na walifurahia kuyasimulia. Nilipolisoma hilo nilikaa kimya kwa muda. Si zawadi, si nyumba nzuri, si maziwa ya kopo. Ni mama anayeweza kusimulia habari za mwanawe.

Naam, mtasema sisi si watoto wa kutambaa, na wengine wetu wameanza kunyoa ndevu. Ni kweli. Hata hivyo niliamua kuwauliza baadhi ya wenzangu wa kidato cha tatu maswali matatu. Mzazi wako anajua jina la rafiki yako wa karibu? Anajua somo linalokutia homa? Anajua ni kitu gani kilichokukosesha usingizi mara ya mwisho? Swali la kwanza wengi walilipita. La pili likawa gumu kidogo. La tatu watu walicheka tu. Mmoja alinijibu, "Kwetu wanajua namba yangu," yaani nafasi anayoshika kwenye ripoti fomu.

Nitawatolea mfano wa wanafunzi wawili, ambao wameniruhusu niandike habari zao mradi nisiwataje majina. Wa kwanza ni msichana ambaye mamake anafanya kazi ya nyumbani huko Saudia. Aliondoka binti akiwa darasa la sita, akamwacha kwa shangazi. Mama huyu hupiga simu siku yake ya mapumziko, Ijumaa, na maswali yake huwachekesha watu. Utamsikia akiuliza, "Yule mwalimu wa Kemia aliyekuwa na kikohozi alipona?" Au, "Mliishia wapi na yule msichana mliyenuniana juu ya kalamu?" Binti humkosa mamake, na kuna siku hulia. Lakini analala, anakula, anasoma.

Wa pili ni mvulana anayeishi na babake katika chumba kimoja huku Nyalenda. Mzee ni mtu wa bodaboda. Hutoka alfajiri na kurudi usiku. Hajawahi kumchapa mwanawe, halewi, na karo anailipa kidogo kidogo bila kuchoka. Maneno yao ya usiku ni mawili: "Umekula?" na "Zima stima." Muhula wa kwanza kijana huyu alikuwa akilala darasani kila kipindi cha baada ya chakula cha mchana, hata tukambandika jina la Godoro. Tulidhani ni mvivu. Kumbe usiku alikuwa hapati usingizi. Alikuwa amemsikia mwenye nyumba akimtishia babake kuwa atawatolea vyombo nje, na tangu siku hiyo moyo ulikuwa ukimwenda mbio akilala, jasho likimtoka. Alijiambia ana ugonjwa wa moyo. Akaweka pesa zake za chakula cha mchana mpaka zikatosha, akaenda zahanati peke yake na sare ya shule. Daktari alimpima akaona moyo ni mzima, akamwuliza, "Nyumbani mnaongea?" Kijana hakuwa na jibu.

Baadaye aliacha kuja shuleni kwa wiki tatu. Mwalimu wa darasa alipomwita babake, mzee alikuja na helmeti mkononi, akasikiliza habari yote mpaka mwisho, kisha akauliza swali ambalo mwalimu alinisimulia mwenyewe: "Kwani huyu hulala saa ngapi?" Chumba ni kimoja, jamani. Pazia tu ndilo linalowatenganisha.

Labda msomaji atauliza, kutojulikana kunamfanyaje mtu awe mgonjwa? Mwili wa binadamu ukihisi hatari huandaa vita. Moyo hupiga haraka, pumzi hukatika, na homoni kama kotisoli humwagwa kwenye damu ili mtu akimbie au apigane. Hatari ikipita, mwili hutulia. Taabu ni kwamba hofu ya kutolewa vyombo nje haina mahali pa kukimbilia. Mtoto mdogo akiogopa hujitupa kwa mama, akabembelezwa, na mwili wake ukapoa. Hajui kujituliza mwenyewe, hukopeshwa utulivu na mtu mzima. Sisi vijana tunajifunza kujituliza, lakini hatujafika. Sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso, ile inayopima mambo na kuzuia papara, huendelea kukomaa mpaka mtu apite miaka 20. Kwa hivyo bado tunahitaji kukopeshwa utulivu, ingawa hatutaki kubebwa mgongoni. Asipopatikana wa kukukopesha, mwili hubaki macho. Usingizi unapotea, na ulichosoma jana hakishikiki. Kichwa na tumbo huuma bila sababu, na unawakasirikia watu ambao hawajakukosea. Ikiendelea miezi na miezi, inaweza kugeuka sonona, ambayo ni huzuni nzito isiyoondoka, au wasiwasi usiokuwa na kichwa wala miguu.

Hapo wazazi wengine husema, "Basi mimi nitamchunguza!" Wanapekua mkoba, wanasoma simu, wanamtuma jirani awe mpelelezi. Mwaka wa 2000 watafiti wawili, Håkan Stattin na Margaret Kerr, walitoa matokeo ya uchunguzi wao kwa vijana zaidi ya 700 wa miaka 14 nchini Sweden pamoja na wazazi wao. Walitaka kujua: mzazi anayejua habari za mwanawe, huzipata wapi? Ikaonekana kwamba sehemu kubwa inatoka kwa mtoto mwenyewe kusema kwa hiari yake. Kuuliza maswali na kuweka sheria kali havikuleta habari nyingi hivyo. Kumbe kujua si kazi ya polisi. Mzazi anajua kwa sababu mtoto alimwambia, na mtoto alimwambia kwa sababu alipomwambia la kwanza hakujuta.

Nadhani hapa ndipo penye kiini cha mambo. Kila mmoja wetu anakumbuka jambo la kwanza alilomwambia mzazi na jinsi lilivyopokelewa. Midomo yetu ilifungwa na maneno ambayo kila mwanafunzi wa Kenya anayajua kwa moyo. "Hao wanaokuwa namba moja wana vichwa viwili?" "Wewe unajua shida gani? Mimi nilienda shule bila viatu." "Unataka kuniua na presha?" Hili la mwisho ndilo baya zaidi kwa maoni yangu, kwa kuwa mtoto akiambiwa kwamba shida yake itamwua mama, ataimeza hiyo shida hata iwe kama gunia la misumari. Kuna pia wazazi ambao ukiwaambia jambo leo, kesho unalisikia kwa jirani, na Jumapili linaombewa kanisani kwa jina lako. Nao wale wa kulinganisha, sitawasahau: binamu yako aliyepata A amewekwa ukutani kama kalenda. Mtoto wa namna hiyo haachi kuwa na siri. Anaacha tu kuwa na mzazi wa kuambiwa.

Na kiboko je? Wazee hupenda kusema, "Sisi tulichapwa na tukawa watu." Shuleni kiboko kilipigwa marufuku mwaka wa 2001, ingawa sote tunajua marufuku ni kitu kimoja na fimbo ni kingine. Kuhusu nyumbani, mwaka wa 2005 mwanasaikolojia Jennifer Lansford na wenzake walichapisha uchunguzi uliofanywa katika nchi sita, Kenya ikiwemo pamoja na China, India, Italia, Ufilipino na Thailand. (Mradi wao mwingine baadaye ulizihoji familia za papa hapa Kisumu, kwa hivyo huenda ukawa unamjua mtu aliyehojiwa.) Walipata kwamba mahali ambapo kuchapwa ni jambo la kawaida, madhara yanaonekana kuwa madogo kuliko mahali ambapo si kawaida. Wazee wataifurahia sehemu hiyo. Lakini waliendelea kusema kwamba hata huko kwenye mazoea, watoto waliochapwa zaidi walikuwa na wasiwasi na ugomvi zaidi. Mazoea yalipunguza, hayakufuta. Mimi naongeza langu: kiboko humfundisha mtoto kuficha, na mtoto anayeficha hajulikani.

Isitoshe, tusiwatwike wazazi mzigo ambao babu zao hawakuubeba peke yao. Kwa wale wasiotoka Nyanza nitaeleza kidogo. Zamani katika boma la Kijaluo wasichana walilala katika siwindhe, nyumba ya bibi mzee aliyeitwa pim, ambaye aliwasimulia hadithi na kuwafunza maisha. Wavulana nao walikaa jioni kwenye duol, kibanda cha mwenye boma, wakiota moto pamoja na wazee. Mambo ambayo mtoto angeona haya kumwambia mamake aliweza kumwuliza pim, na hakuna aliyeona ajabu. Yaani kazi ya kumjua mtoto iligawanywa. Siku hizi nyanya yuko kijijini, sisi tuko mjini, na chumba kimoja cha Manyatta hakina mahali pa kujenga siwindhe. Mzazi mmoja ndiye anayetakiwa awe mama, awe pim, awe benki na awe mwalimu wa hisabati, akiwa ametoka kuuza omena Kibuye tangu saa kumi na moja alfajiri. Atatoa wapi nguvu za kukuuliza umelalaje?

Tena wazazi nao wana akili zinazougua. Mzazi mwenye sonona huwepo nyumbani kama asiyekuwepo. Anapika, anafua, lakini ukimsemesha ni kana kwamba unasema na mtu aliye ng'ambo ya ziwa. Mtoto wake hudhani amekosea mahali fulani. Halafu mtoto akinuna, mzazi huona anadharauliwa, naye akazidi kujifungia. Ndivyo ugonjwa unavyopitishana mpira kati ya watu wawili bila yeyote kukusudia.

Wala si kila ugonjwa wa akili umeletwa na mzazi. Kuna ya kurithi, kuna ya ajali na ya maradhi, kuna ya bangi. Miaka ya 1940 na 1950 baadhi ya madaktari huko Marekani waliwalaumu akina mama kwamba ndio wanaosababisha skizofrenia kwa watoto wao. Baadaye ilionekana kuwa hawakuwa na ushahidi. Fikiria mama ana mtoto mgonjwa, na daktari anamwambia, "Ni wewe." Kwa hivyo mtu asiyachukue makala haya akaenda nayo nyumbani kumshtaki mamake.

Mtauliza basi mtu afanyeje ikiwa kwao hakuna mazungumzo. Mimi nimeona kwamba kuketishwa kitini na kuambiwa "tuongee" hakusaidii sana. Katika malezi yetu wengi, mtoto kumkazia mzazi macho ni utovu wa adabu, kwa hiyo mazungumzo ya uso kwa uso hugeuka kesi, na mshtakiwa unajua ni nani. Mimi na mama huongea vizuri tukichambua omena. Macho yakiwa kwenye ungo, mdomo hufunguka wenyewe. Yule mwenzetu wa Nyalenda naye siku hizi hungojea babake amalize abiria wa mwisho, kisha hupakiwa nyuma ya pikipiki mpaka nyumbani. Ananiambia huko nyuma ndiko wanakoongea, kwa sababu hawaonani. Mzee hakubadilika akawa msemaji. Huitikia tu "mm", lakini anapunguza mwendo. Alimweleza pia habari ya mwenye nyumba: walikuwa wamekubaliana kulipa kidogo kidogo tangu Februari, na kijana hakuambiwa kwa kuwa babake hakujua kwamba alisikia.

Anza na jambo dogo. Usianze na lile zito kabisa. Mwambie kisa cha mwalimu aliyeanguka chaki, uone anakipokeaje, kesho mwambie kingine. Ukiona mlango umefungwa kabisa, au mambo yenyewe ya nyumbani ndiyo yanayokuumiza, tafuta mtu mzima mwingine: shangazi, mjomba, nyanya kijijini, mwalimu unayemwamini. Kuna nambari 116, ya kuwasaidia watoto, inayopigwa bure mchana na usiku hata kama simu haina salio. Na hapa shuleni mwalimu wa ushauri nasaha hukaa ofisini Jumanne na Alhamisi wakati wa michezo. Wengi huogopa kwenda wasije wakaonekana. Mpitie nyuma ya maktaba, mlango wa pili. Kutoka uwanjani hauonekani.